JEMADARI MATHEWS ALIKUWA MTUMISHI WA NANI?

Mwaka 1936 Bwana Robert Nunez Lyne, ambaye zamani alikuwa mkuu wa mambo ya kilimo hapa Unguja, alipiga chapa kitabu cha maisha ya Sir Lloyd William Mathews. Jina alilokipa kitabu hicho, tukilitia katika lugha yetu, ni "Mtume wa Dola". Sisi tulioanza kusoma kwa ubao na wino wa masizi tumefundishwa na walimu wetu neno hilo lina uzito gani na nani wanaostahiki kuitwa kwalo, na kwa hivyo jina hilo linatukirihi. Walakini ukilitafakari vyema utaona kwamba Bwana Lyne, pasi na kukusudia, ametupa ufunguo wa mlango uliofungwa muda mrefu. Mtume ni mtu aliyetumwa. Na kila aliyetumwa anaye aliyemtuma, na huyo ndiye atakayempelekea jawabu. Basi tuulize kwa utulivu: Jemadari Mathews alitumwa na nani? Alikula mshahara wa nani, na alimhofu nani?

Tunauliza kwa sababu hadithi inayosimuliwa mpaka leo siyo hiyo ya kutumwa na Dola. Inayosimuliwa ni kwamba huyu bwana alikuwa mtumishi mwaminifu wa Masultani watano, yaani Barghash, Khalifa, Ali, Hamad na Hamoud; kwamba aliipenda nchi hii kuliko kwao; kwamba yeye ndiye aliyetupa jeshi, akatupa hesabu safi katika hazina, akawafungulia watumwa minyororo. Wapo miongoni mwetu, tena watu wa elimu, wanaoyakariri maneno haya kama kasuku mbele ya wageni. Nasi hatutaki kumdhulumu maiti. Insafu ni wajibu hata kwa mtu usiyempenda, na tutampa haki yake yote kabla ya kumdai iliyo yetu.

Alizaliwa Funchal katika kisiwa cha Madeira tarehe 7 Machi 1850. Baba yake alikuwa Kapteni William Mathews, mtu wa Wales. Mwaka 1863, angali mtoto wa miaka 13, akaingizwa katika jeshi la manowari la Uingereza. Alipigana katika vita vya Waashanti huko Afrika Magharibi mwaka 1873 na 1874, akapata cheo cha luteni, na mwaka 1875 akapelekwa kwenye London, manowari kuukuu iliyokuwa imetia nanga bandarini petu iwe bohari na kituo cha mashua zilizokuwa zikiyawinda majahazi ya watumwa. Kazi hiyo ilikuwa ya khatari. Wanamaji walikaa siku nyingi katika mashua zisizo na paa, kwenye jua na mvua, na waliokutana nao walikuwa na bunduki na hawakuwa na la kupoteza. Mathews aliyakamata majahazi kadha wa kadha, na ujasiri wake hakuna aupingaye. Tena alijifunza Kiswahili akakisema, jambo ambalo wengi waliomfuata katika kiti chake walilidharau.

Agosti 1877 Sayyid Barghash alitaka jeshi la mtindo wa Ulaya, apate kuitia nguvu amri yake huko bara, na Waingereza wakamwazima huyu luteni. Mwisho wa mwaka wa kwanza Mathews alikuwa na askari 300, wenyeji weusi waliovaa kofia nyekundu, koti fupi jeusi na suruali nyeupe. Serikali ya Uingereza ikatoa zawadi ya bunduki 500. Kufikia 1880 askari walikuwa 1,300. Lipime jambo hili, ewe msomaji, maana ndiyo shina la yote yatakayokuja. Vijana ni wetu. Mshahara ni wa hazina yetu. Bunduki ni zawadi ya mgeni, na amri ya "piga" imo kinywani mwa mgeni huyo huyo.

Disemba 1881 Kapteni Brownrigg wa London aliuawa baharini alipokuwa akilipekua jahazi lenye bendera ya Kifaransa, lililokuwa na watumwa ndani yake, na mkuu wake akiitwa Hindi bin Hattam. Mathews alimfuata Hindi mpaka Pemba, akapigana naye upande wa Wete, akamteka na jeraha lililomwua. Habari hii hutajwa kila mara kuwa ni ushahidi wa ushujaa wa Mathews, na ushahidi ni kweli. Ila husahauliwa kwamba waliokwenda naye Wete hawakuwa mabaharia wa Uingereza. Walikuwa askari wa Unguja. Majina yao hayamo katika habari hizo zinazosimuliwa.

Miezi michache kabla ya kisa hicho, Juni 1881, Mathews alikuwa amejiuzulu katika jeshi la manowari. Huko kwao alikuwa hajapita cheo cha luteni. Hapa petu akawa Brigedia-Jenerali kwa siku moja! Sisemi haya kwa kumkebehi, kwani mtu huenda akapata riziki ng'ambo aliyoikosa kwao, na sisi wenyewe wazee wetu walikuja na majahazi kutafuta riziki. Nasema ili ijulikane kwamba huyu alikuwa mstaafu wa manowari asiyekuwa tena chini ya amri ya Malkia, na hivi ndivyo wanavyotwambia: "Aliacha utumishi wa Malkia, akawa mtu wa Sultani mtupu." Haya, tumtazame mtu wa Sultani alifanya nini Sultani alipomhitaji.

Mwaka 1884 Karl Peters aliingia bara na karatasi zake, na mwanzo wa 1885 Ujarumani ikatangaza kwamba nchi zile ziko chini ya himaya yake. Barghash akampeleka Jemadari wake Kilimanjaro, naye akaipandisha bendera ya Sultani kwa Mangi Rindi wa Moshi. Haukupita muda akafika Jühlke, mjumbe wa watu wa Peters, na Rindi akautia mkono mkataba mwingine. Agosti mwaka huo manowari za Kijarumani zikatia nanga mbele ya jumba la Barghash, zikaelekeza mizinga. Jee! Jeshi la mtindo wa Ulaya lilikuwa wapi? Lilikuwa kambini. Jemadari alikuwa akijua, kama Balozi Kirk alivyojua, kwamba London imekwisha kukubaliana na Berlin, na kwamba Sultani atashauriwa anyamaze. Akashauriwa, akanyamaza. Mwishoni mwa 1886 Waingereza na Wajarumani wakagawana bara baina yao, Sultani wakamwachia ukanda wa pwani wa maili 10 kwenda ndani. Kwa hivyo jeshi lililoundwa kwa ajili ya kuilinda amri ya Sultani bara lilifaa dhidi ya kila mtu isipokuwa yule aliyekuja kuichukua bara.

Watu wa Pangani hawakuhitaji kitabu kuyafahamu haya. Mwaka 1888 pwani ilipokodishwa kwa Kampuni ya Kijarumani na watu wakasimama pamoja na Abushiri bin Salim, Mathews alitumwa huko na askari wapata 150 awatulize. Hawakutulia, ikambidi aondoke. Waliuona mkono uliokuwa nyuma ya kanzu ya Sultani. Abushiri alinyongwa hapo hapo Pangani Disemba 1889.

Sasa tuje kwenye kiini. Mwaka 1890 nchi hii iliwekwa chini ya himaya ya Uingereza. Mwaka 1891 Serikali ya Uingereza ilimteua Mathews kuwa Balozi wake Mkuu katika Afrika Mashariki, naye akakataa. Hapa ndipo wapambe hupiga vigelegele: aliukataa ubalozi kwa mapenzi ya Unguja! Lakini mwaka huo huo, mwezi wa Oktoba, alipokea nini? Gerald Portal, Balozi wa Uingereza, aliitoa hazina mikononi mwa Sultani Ali bin Said, akamkatia Sultani posho, akaunda serikali mpya, na juu ya serikali hiyo akamweka Mathews awe Waziri wa Kwanza. Na sharti la uwaziri huo lilikuwa hili: Sultani hana uwezo wa kumwondoa.

Lisome tena sharti hilo. Mimi ni mtu wa dukani, na sitaki kujitia katika fani ya mawakili. Lakini hata mwenye kibanda cha chumvi na viberiti analijua hili. Ukimwajiri kijana wa kukupimia mchele, ukampa ufunguo wa kasha, kisha ukaambiwa na jirani kwamba kijana huyo huwezi kumwachisha kazi illa jirani akubali, basi kijana si wako tena. Hata akikuamkia kila asubuhi kwa shikamoo mbili, hata akiwa mwaminifu asiyegusa senti, duka lina bwana mwingine. Uaminifu wake umekuwa kwa yule anayeweza kumfukuza. Balozi ni mtu wa kuhamishwa; leo Unguja, kesho kwengineko. Waziri asiyefukuzika hukaa mpaka afe, na Mathews alikaa mpaka akafa. Mwenye akili na aamue ni kiti gani kilichokuwa kikubwa zaidi.

Nao wanatwambia kwamba hesabu zilisafika. Sikatai. Zamani mfuko wa Sultani na mfuko wa nchi ulikuwa mmoja, na hilo halikuwa jema. Portal na Mathews wakaitenga mifuko, na Februari 1892 bandari ikafanywa huru ili biashara isihamie pwani ya Wajarumani. Lakini daftari lililoandikwa kwa mwandiko mzuri siyo daftari la haki. Na nitatoa hesabu moja tu, maana hiyo moja inatosha.

Mwaka 1890 Wajarumani walilipa marki milioni 4, yaani kiasi cha pauni 200,000, wapewe moja kwa moja ile pwani waliyokuwa wameikodi. Fedha hiyo ilikuwa ya Unguja, bei ya ardhi iliyotoka katika milki yake, lakini haikuja kukaa Unguja. Iliwekwa Uingereza chini ya macho ya Waingereza. Upande wa pwani ya kaskazini, pamoja na Mombasa, ulikuwa umepewa tangu 1887 ile kampuni ya Kiingereza ya Mackinnon. Kampuni ikaelemewa na gharama ikataka kuondoka. Mwaka 1895 ikalipwa pauni 250,000 iende zake. Nani aliyelipa? Serikali ya Uingereza ilitoa pauni 50,000. Pauni 200,000 zilizobaki zilitolewa na Unguja, ndizo zile zile za Mjarumani! Kisha, Disemba 1895, pwani hiyo iliyokombolewa kwa fedha zetu ikakabidhiwa Serikali ya Uingereza iitawale, kwa kodi ya pauni 11,000 kwa mwaka na pauni 6,000 nyengine za faida ya zile pauni 200,000.

Nawaomba wenzangu wa Darajani na Mkunazini waliotoa na kupokea fedha maisha yao yote waipitie hesabu hii kwa kidole. Mwenye nyumba anauza nusu ya nyumba yake kwa kulazimishwa. Fedha ya nusu hiyo inashikwa na jirani. Nusu ya pili amepanga ndugu yake jirani; ndugu anapochoka, mwenye nyumba analipa kumtoa, kwa fedha ile ile. Kisha jirani anaingia yeye katika nusu hiyo, kwa kodi aliyoipanga mwenyewe, na hakutoka mpaka 1963, pwani ilipotiwa katika Kenya. Aliyekuwa na ufunguo wa hazina ya mwenye nyumba siku hizo zote ni Waziri wa Kwanza, Sir Lloyd Mathews, aliyekwisha kuvishwa usiri na Malkia Victoria mwaka 1894. Kama alitenda haya kwa kupenda, hakuwa mtumishi wetu. Kama alitenda kwa kukosa nguvu ya kukataa, basi uwaziri wake ulikuwa koti lililotundikwa ukutani, na anayesifu koti hilo kwa kuilinda nchi anasifu kitambaa.

Mwaka uliofuata ilikuja ile siku ambayo hata watoto wa skuli wanaijua, ila huijua kama kichekesho, "vita vifupi kuliko vyote duniani". Tarehe 25 Agosti 1896 Sayyid Hamad bin Thuwaini alifariki ghafla. Khalid bin Barghash akaingia jumbani akajitangaza. Waingereza walishikilia kwamba hakuna wa kukikalia kiti illa kwa idhini ya Balozi wao, na wao walimtaka Hamoud bin Mohammed. Khalid akapewa muda mpaka saa tatu ya asubuhi ya tarehe 27. Saa tatu na dakika mbili manowari za Admirali Rawson zikafungua mizinga. Kabla ya saa nne kuingia kulikuwa kimya. Jumba lilikuwa kifusi, merikebu Glasgow ya Sultani ilikuwa ikizama, na watu wapata 500 wa upande wa Khalid wameuawa au kujeruhiwa, wengi wao watumishi na watumwa waliokuwa nyuma ya magunia na masanduku. Kwa upande wa manowari aliumia baharia mmoja. Mtaa wa Wahindi ukaporwa, na watu kiasi cha ishirini wakauawa humo. Jambo hili mwenye duka halisahau. Halafu wafuasi wa Khalid wakatozwa rupia 300,000, zikiwa ni gharama ya mizinga iliyowapiga na mali iliyoporwa. Walilipishwa bei ya risasi zao!

Na lile jeshi la kofia nyekundu? Lilikuwapo pande zote mbili. Khalid alikuwa na askari wa jumbani na watu wa mjini. Upande wa Forodhani walipangwa askari wapata 900 wa Kizanzibari wa Jemadari Mathews, chini ya Luteni Raikes, bunduki zao zikielekea jumba la mtoto wa Barghash. Jeshi alilolianzisha Barghash mwaka 1877 lilimlenga mwanawe baada ya miaka 19. Mimi sisemi kwamba Khalid angekuwa Sultani mwema. Huenda angekuwa mbaya kupita wote. Nasema kwamba katika jambo la nani atawale nchi hii walisema Balozi, Admirali na Waziri asiyefukuzika, na raia walichoulizwa ni rupia tu.

Inabaki hoja ya utumwa, ambayo ndiyo ngao kubwa ya wapambe. Mtu asije akadhani tunaulilia utumwa. Utumwa ulikuwa dhulma, na walioufanya walikuwa wazee wetu pamoja na wazee wa wengine, na hilo halifutiki kwa kumtukana Mzungu. Lakini hoja ni juu ya Mathews, basi tuisome amri ya tarehe 6 Aprili 1897 iliyotoka katika serikali yake. Amri haikusema "watumwa wote ni huru". Ilisema kwamba mahakama hazitaitambua tena haki ya kumiliki mtumwa, na anayetaka uhuru aende akaombe. Maskini wa shamba la karafuu huko Pemba, asiyejua njia ya mahakamani, na aombe! Akiupata, ilimpasa aonyeshe ana makao na ana njia ya kuishi, la sivyo ahesabiwe mzururaji. Fidia akapewa nani? Akapewa aliyemmiliki. Aliyemilikiwa hakupewa hata jembe. Na masuria waliachwa nje ya amri hiyo kabisa, wakangoja mpaka 1909. Mathews na Balozi Hardinge walikuwa na fikira moja, kwamba jambo lende polepole karafuu isije ikakosa wachumaji. Luteni aliyeyakimbiza majahazi katika mkondo wa Pemba mwaka 1876 alikuwa jasiri kuliko Waziri wa 1897, na mtu huyo ni mmoja. Tofauti ni kwamba karafuu sasa ilikuwa inaingia katika daftari lake.

Wapo watakaosema: basi angefanya nini yeye, mtu mmoja, mbele ya Dola? Swali hili ni la haki. Angeweza kutofautisha nafsi yake na Dola hiyo walau mara moja, kwa karatasi, kwa kujiuzulu, kwa neno moja lililobaki. Aliwahi kujiuzulu 1881, akiwa luteni, ili apande. Hakujiuzulu 1895, wala 1896.

Alifariki kwa homa ya malaria tarehe 11 Oktoba 1901, umri wake miaka 51, akazikwa kwa heshima za kijeshi katika makaburi ya Waingereza nje ya mji. Kiti chake kikachukuliwa na Bwana Rogers. Sayyid Hamoud alipofariki Julai 1902, mwanawe Ali alikuwa bado kijana aliyetoka kusomeshwa Harrow, na Bwana Rogers, Waziri wa Kwanza, "mtumishi wa Sultani", akashika mahala pa Sultani mpaka 1905. Na mwaka 1913 Waingereza waliona hapana haja tena ya makoti mawili: uwaziri wa Mathews na ubalozi wa Portal vikaunganishwa, akakabidhiwa mtu mmoja, akaitwa Rezidenti, na barua zake za kazi akaziandikia London.